Kazi ya likizo kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15: mpaka uko wapi?

Shule zikifungwa mwezi wa sita na wa kumi na mbili, ubishi uleule hurudi. Mtu anaweka mtandaoni picha ya mtoto aliyebeba sinia la karanga stendi. Wa kwanza anauliza wazazi wake wako wapi. Wa pili anajibu kwamba yeye alichunga mbuzi tangu ana miaka saba na hakufa. Wa tatu analeta sheria, ila hajaisoma. Majibu yanafika mia mbili na hakuna aliyeelewa zaidi ya alivyoingia, kwa sababu kila mmoja ana maana yake ya neno "kazi".

Hapa tuzungumzie umri mmoja tu, miaka 12 hadi 15. Kwa Tanzania ni mtoto wa darasa la sita mpaka kidato cha pili hivi. Kwa Kenya ni Gredi ya 7 hadi ya 9, na mmoja mmoja aliyevuka hapo. Ni umri mgumu: wa kufungiwa getini ameshaupita, wa kuachiwa dunia yote hajaufikia. Tanzania ina kipindi chake cha pekee pia. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Hapo katikati kuna takriban miezi minne ambayo mtoto wa miaka 13 au 14 hana daftari, hana sare, hana kengele ya kumwamsha. Wengi huonja kazi kwa mara ya kwanza katika miezi hiyo, na wapo wanaopotelea humohumo.

Maneno manne yanayochanganywa

Kisheria, mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009, na Kenya ni vivyo hivyo. Kubalehe hakubadilishi hilo, wala kuwa na mwili mkubwa, wala kumaliza darasa la saba.

Kuna kazi za nyumbani: kuosha vyombo, kufagia uwanja, kulisha kuku, kumwangalia mdogo wake mama akienda sokoni. Hii si ajira. Ni malezi, na hakuna sheria inayoikataza maadamu haimli mtoto usingizi na masomo.

Kuna kazi nyepesi, na hili ni neno la kisheria lenye maana yake maalumu: kazi isiyoweza kudhuru afya wala ukuaji wa mtoto, na isiyomzuia kwenda shule na kufaidika na masomo. "Nyepesi" haina maana ya kazi isiyotoa jasho. Kumwagilia bustani kunatoa jasho na bado ni kazi nyepesi. Kukaa kivulini baa ukikusanya chupa tupu hakutoi jasho hata tone, lakini si kazi ya mtoto.

Kuna utumikishwaji. Hapo mtoto anatumika kuliko umri wake unavyoruhusu: saa ni nyingi mno, malipo hayalingani na kazi, au afya na makuzi yake yanaliwa polepole. Na kuna kazi hatarishi, ambayo imefungwa kabisa mpaka mtu afikishe miaka 18. Mzazi akiridhia bado imefungwa. Malipo yakiwa mazuri bado imefungwa.

Tofauti za maneno haya zinaonekana vizuri kwenye ndoo ya maji. Ndoo iliyojaa ina lita 20, na lita 20 za maji zina uzito wa kilo 20 kabla hujahesabu ndoo yenyewe. Watoto wengi wa miaka 12 wana kilo 35 hadi 40. Maana yake umemtwisha nusu ya mwili wake, shingo na mgongo ambavyo mifupa yake bado inakua. Ni sawa na mtu mzima wa kilo 70 kujitwisha kilo 35 na kuambiwa atembee haraka. Sasa mpe mtoto huyohuyo kidumu cha lita 5, safari mbili asubuhi: anasaidia nyumbani. Mpe ndoo ya lita 20 mara kumi kwa siku ili maji yauzwe kwa majirani: anatumikishwa. Kazi ni ileile, kuchota maji. Kilichobadilika ni uzito, idadi ya safari na nani anafaidika.

Sheria inaruhusu nini

Uvumi unaosambaa zaidi ni kwamba serikali imepiga marufuku watoto kufanya kazi yoyote. Si hivyo. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Akifikisha 14 anaweza kuajiriwa, kwa kazi nyepesi tu. Sheria ya Mtoto inaweka uzio zaidi: kazi isizidi saa 6 kwa siku, isifanyike kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na alipwe kulingana na thamani ya kazi aliyofanya. Zanzibar ina sheria zake, kwa hiyo aliye Unguja au Pemba asikariri namba hizi za Bara.

Kenya namba ni nyingine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, awe analipwa au halipwi. Kuanzia 13 mpaka 16 ni kazi nyepesi tu, na kati ya saa 12:30 jioni na saa 12:30 asubuhi mtoto asiwe kazini. Nyuma ya sheria za nchi hizi mbili upo Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaoiachia kila nchi itaje umri wake wa chini wa kuajiri. Kenya iliuridhia mwaka 1979 na kutaja miaka 16 (chini ya hapo ni ile kazi nyepesi tu), Tanzania mwaka 1998 na kutaja 14. Ndiyo maana hesabu inabadilika ukivuka mpaka wa nchi hizi pale Namanga.

Watu wengi hupitiwa na jambo moja hapa. Mtoto wa miaka 12 au 13 Tanzania Bara hawezi kuajiriwa popote, hata dukani kwa mjomba. Akipita mara moja moja kumsalimia mjomba na kumpangia soda, hilo ni jambo la kifamilia. Akipangiwa zamu na mshahara, hiyo ni ajira, na undugu haufuti kitu. Kwa umri huo kinachobaki ni kazi za nyumbani na kamradi kake mwenyewe chini ya macho ya mzazi, ambako ndiko, kwa maoni yangu, kwenye mafunzo mazuri kuliko kote. Tutafika.

Na hizo saa 6 ni ukomo, si lengo. Mtoto wa miaka 14 anayefanya kazi saa tatu au nne, siku nne kwa wiki, anabaki na muda wa kusoma, wa madrasa au kwaya, na wa kucheza. Mtoto asiyecheza likizo nzima hurudi shuleni amechoka kuliko alivyoondoka.

Hatari isiyotangaza

Migodi na machimbo ya mawe, kwenda baharini kuvua, kubeba mizigo mizito, viwanda vya kemikali, sehemu zenye mashine, baa, hoteli na kumbi za starehe: haya Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara imeyataja waziwazi kuwa hatarishi kwa mtoto. Wachimbaji wadogo hukamatishia dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma, na mvuke wake huharibu ubongo unaokua. Shamba la tumbaku nalo lina lake. Majani mabichi yenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi, na mtoto anayeyachuma anaweza kurudi nyumbani anatapika na kichwa kinamzunguka bila kuvuta hata sigara moja.

Hayo watu wengi wanayakubali. Ubishi unakuja kwenye sehemu tulizozizoea.

Gereji ya mtaani, kwa mfano. "Aende akajifunze ufundi" ni wazo jema kwa kijana wa 18. Kwa mtoto wa 14 kuna maji ya betri, ambayo ni asidi inayotoboa nguo na ngozi, kuna gari lililoinuliwa kwa jeki moja bila mawe ya kuzuia, na kuna grinda inayorusha cheche machoni. Saluni je? Dawa ya kulainisha nywele ina kemikali kali inayounguza ngozi ya kichwa, sembuse vidole vya mtoto visivyo na glavu. Lakini saluni hiyohiyo ina kufua taulo, kufagia, kupanga rasta kwa rangi na kuandika wateja kwenye daftari. Kwa fundi cherehani kuna kushona vifungo, kukunja pindo kwa mkono, kukata nyuzi zilizobaki. Pasi ya mkaa na cherehani ya umeme zibaki kwa mwenyewe. Kwa hiyo jina la mahali halikupi jibu. Uliza vipande: asubuhi atashika nini, mchana atashika nini, na nani atakuwa pembeni yake.

Hata jikoni kwako. Kashata inaonekana kama kazi ya watoto, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo, isipokuwa dakika kumi. Maji yanachemka kwa nyuzi 100. Sukari iliyoyeyuka na kuanza kubadilika rangi huwa imevuka 150, na tofauti na maji, inanata. Ikimrukia mtoto mkononi hawezi kuikung'uta, inaendelea kuunguza palepale ilipogandia. Basi mtoto achambue karanga, apime sukari, akate kashata zikishaanza kushika, afunge na apige hesabu. Mwiko ushikwe na mtu mzima.

"Anisaidie mpaka matokeo yatoke"

Kama kuna mahali ambapo kazi ya likizo huharibika zaidi, ni hapa. Mtoto amemaliza darasa la saba kijijini. Anafika ndugu wa mjini, au rafiki wa ndugu, anasema: nipeni huyu binti anisaidie na mtoto, matokeo yakitoka atarudi. Wazazi wanaona nafuu, mtoto anaona mji.

Ubaya hautokani lazima na roho mbaya ya mwenyeji. Unatokana na muundo wenyewe wa kazi: anayelala kazini hana saa ya kutoka. Anaamka saa 11 alfajiri kuandaa chai ya wanaowahi, anafunga jiko saa 4 usiku. Hizo ni saa 17, na katikati hakuna anayehesabu. Mshahara "unatunzwa" au "unatumwa nyumbani". Simu hana. Matokeo yanatoka, kafaulu, lakini nauli haipo, mtoto wa mwenye nyumba ameshamzoea, na shangazi anaomba "mpaka mwezi wa tatu tu". Kidato cha kwanza hakimsubiri.

Kwa umri huu, kazi ya kulala hukohuko isikubaliwe. Kama ni kutembelea ndugu, basi iwe kutembelea kweli: tarehe ya kurudi imetajwa mbele ya mtoto, nauli ya kurudi iko mkononi mwa mzazi kabla hajaondoka, na kila baada ya siku mbili tatu mtoto anapiga simu mwenyewe akiwa nje, si akiwa sebuleni mbele ya wenyeji. Mtoto ajue pia namba 116. Ni ya bure, inafanya kazi Tanzania na Kenya, na haimhitaji aombe ruhusa ya mtu.

Aliyefikisha 14 na kupata kazi nyepesi ya kutwa, mzazi aende mwenyewe siku moja kabla. Asitume salamu. Akae dakika kumi, aone choo kiko wapi, aone mlango wa nyuma unatokea wapi, aulize mtoto atakula nini mchana. Kisha waandike kwenye karatasi, hata ya daftari: kazi gani, siku zipi, kuingia saa ngapi na kutoka saa ngapi, malipo kiasi gani na yanalipwa lini, kazi inaisha tarehe gani. Malipo ya kila wiki ni salama kuliko ya mwisho wa mwezi, kwa sababu akidhulumiwa anadhulumiwa wiki moja. Mwenye biashara anayenuna kuona karatasi hiyo ameshakujibu.

Kutumwa na kuachiwa

Sasa huko kujitegemea kwenyewe. Wazazi wengi wanaamini kwamba mtoto akifanya kazi nyingi anakuwa mtu wa kujitegemea. Lakini wapo watoto wanaofanya kazi kutwa nzima, na ukiwaachia nyumba siku mbili hawajui waanzie wapi. Wametumwa sana, hawajaachiwa kitu.

Mfano mdogo. "Nenda ukanunue nyanya za elfu moja, kitunguu cha mia tano" ni kutumwa. Mtoto anafikiria njia tu. "Hii hapa elfu tano, leo mboga ni juu yako, tuko watano" ni kuachiwa. Sasa anafikiria bei, kiasi, mafuta yaliyobaki kwenye chupa, nani hali bamia, na kama dagaa watatosha au wanahitaji kisamvu. Atakosea. Siku ya kwanza atanunua nyama robo kilo na pesa itaishia hapo. Usiku huo mnakula ugali na mchuzi mwepesi, na mzazi anajizuia kuongeza elfu mbili ya kuokoa jahazi, kwa sababu ile elfu mbili ndiyo inayomfundisha kwamba hesabu ikikatika kuna mtu atakuja kuiunga.

Waliosoma miaka ya 70 na 80 Tanzania wanalikumbuka neno "kujitegemea" kwa jembe. Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, ilitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, si kulima tu. Kwa wengi kilichobaki kichwani ni shamba la shule na fimbo. Jasho lilikuwa la mwanafunzi, uamuzi wa mwalimu. Majumbani kosa hilohilo tunalirudia kila likizo.

Kuachiwa huenda kwa hatua, kama kumfundisha mtu kupika ugali. Kwanza anatazama. Kisha anasonga wewe umeshika sufuria. Kisha anasonga peke yake uko mlangoni. Mwisho unarudi unakuta ugali mezani, na kama una madonge, unakula madonge. Kosa la kawaida ni kuruka kutoka hatua ya kwanza hadi ya mwisho siku mama alipougua, halafu kumlaumu mtoto kwa ugali mbichi.

Tuta moja la mchicha, likizo moja

Kwa mtoto wa miaka 12 au 13 ambaye hawezi kuajiriwa, ni vigumu kupata mradi unaoingia ndani ya likizo ya wiki nne kama mchicha. Unavunwa siku ya 21 hadi ya 28 tangu kupandwa. Kwa sababu likizo ni fupi, tuta liandaliwe Jumamosi ya mwisho kabla shule haijafungwa.

Tuta la mita 1 kwa 5 linatosha. Upana usizidi mita 1, ili mkono wa mtoto ufike katikati bila kukanyaga udongo. Anachanganya ndoo mbili za samadi iliyooza vizuri. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama punje ya mchanga, kwa hiyo anaichanganya na mchanga mkavu, kiganja kimoja cha mbegu kwa kumi vya mchanga, kisha anaimwaga kwenye mistari inayoachana sentimita 20. Anafunika kwa udongo kidogo sana, nusu sentimita, kisha nyasi kavu juu. Siku ya tatu hadi ya tano miche ikichomoza, nyasi zinaondolewa. Akichelewa kuziondoa, miche inarefuka kama uzi na kulala. Siku ya kumi hivi anapunguza iliyobanana.

Maji ni kama lita 30 kwa siku, ndoo moja na nusu. Kwa kidumu chetu cha lita 5 ni safari sita: tatu asubuhi, tatu jioni.

Yanayoharibika yanajulikana. Samadi mbichi inaunguza mizizi, mche unanyauka ukiwa na maji. Mbegu ikifukiwa sentimita tatu haichomozi, na mtoto anadhani kauziwa mbegu mbovu. Kuku wa jirani wanamaliza tuta ndani ya asubuhi moja, kwa hiyo uzio wa matawi au wavu unatangulia mbegu. Vidukari wakionekana chini ya majani, maji yenye sabuni kidogo yanatosha. Dawa ya wadudu mtoto asiishike kabisa, na mchicha uliopigwa dawa hauwezi kuvunwa kesho yake.

Halafu hesabu, ambayo ndiyo shule yenyewe. Bei hizi ni za mfano, weka za mtaani kwenu. Mbegu 2,000. Samadi 2,000. Maji yakinunuliwa shilingi 100 kwa ndoo ni 150 kwa siku, mara siku 25, ni 3,750. Jumla 7,750. Tuta linatoa mafungu 24, kila fungu 500: mauzo 12,000.

Mtoto atashika ile 12,000 na kusema nimepata elfu kumi na mbili. Hapo ndipo mzazi anakaa naye na daftari. Toa 7,750, inabaki 4,250. Kama alifanya kazi nusu saa kila siku kwa siku 25, ni saa 12 na nusu. Gawanya: ni shilingi 340 kwa saa. Uso utaanguka kidogo, uache uanguke. Kisha maswali yanaanza kuja yenyewe. Je, maji ya kufulia yaliyosuuziwa mara ya mwisho yasiyo na sabuni yanafaa? Je, samadi ya bibi si ya bure? Je, matuta mawili yanaongeza maji mara mbili lakini uzio ni uleule? Yeyote anayeuliza hivyo ameshaanza kufikiri kama mwenye mali.

Kosa la upande wa mzazi ni kumficha mtoto gharama. Ukimpa mbegu, samadi na maji bure, kisha ukamsifia kwa faida ya 12,000, umemfundisha hesabu ya uongo. Kama unataka kumsaidia mtaji, mkopeshe 4,000, andikeni, na alipe kwenye mauzo.

Pesa ni ya nani

"Mimi nakulisha, nakuvisha, basi leta." Sentensi hii imeua miradi ya watoto mingi kuliko kuku wa jirani. Sheria inampa mtoto anayefanya kazi haki ya malipo yake, na hata tukiacha sheria, mtoto anayenyang'anywa mara ya kwanza, mara ya pili ataficha. Ni afadhali mkubaliane mapema: sehemu ataitumia anavyotaka, sehemu iende kwenye kibubu kwa kitu alichokitaja kwa jina na bei, sehemu ibaki mtaji. Nyumba ikiwa na shida kweli na pesa ya mtoto ikahitajika, aombwe na iandikwe kama deni. Na deni lilipwe.

Kibubu kinatosha kwa kuanzia. Akifikisha kiasi cha kuogopa panya na wezi, benki kadhaa zina akaunti za watoto zinazofunguliwa na mzazi, na cheti cha kuzaliwa ndicho hati ya kwanza kuandaa. Pesa ya mtoto kukaa kwenye simu ya baba ni njia rahisi, ila simu ya baba ina mambo mengi. Kama hakuna namna nyingine, salio lake liandikwe kwenye daftari kila Jumapili naye akiona.

Je, akionja pesa ataacha shule? Hofu hii si ya bure. Lakini angalia nani huacha. Mara nyingi ni yule ambaye kazi yake haina tarehe ya mwisho, ambaye nyumba imeanza kutegemea anacholeta, au ambaye shuleni alishakata tamaa kabla hajashika shilingi. Dalili huonekana mapema: anaomba ruhusa siku ya kufungua shule "amalizie wateja", anasinzia mchana, anazungumzia kiasi bila kuzungumzia kununua nini. Ukiona mbili kati ya hizo, kazi inasimama wiki hiyohiyo, si mwisho wa mwezi.

Na jambo moja dogo kuhusu wavulana na wasichana. Likizo ikiisha, hesabu nani alipika mara ngapi na nani alishika pesa mara ngapi. Nyumba nyingi zitakuta kaka alikuwa na kuku wake wa kuuza na dada alikuwa na masufuria ya wote. Wote wawili wamepunjwa: mmoja hajui kupika, mwingine hajui faida.

Wiki moja kabla ya kufungua, kazi ya nje iwe imekwisha na malipo yamekamilika. Sare ijaribiwe, kwa sababu wiki nne zinatosha kuifupisha suruali. Mchicha uliobaki ung'olewe, tuta ligeuzwe, na wadeni wapitiwe mlango kwa mlango. Mtoto aende na daftari lake, abishe hodi, aamkie, na aseme mwenyewe: "Shikamoo mama, nimekuja kwa ajili ya yale mafungu mawili ya Jumanne." Mzazi asimtangulie kwa simu.